Kuku wa Masika

Machi 3, Jumapili. Mvua: 0

Daftari hili lilikuwa la Prisca. Kurasa za mbele zote ni mwandiko wake: tarehe, milimita za mvua, basi. Mke wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikufa Novemba, na tangu Novemba hakuna aliyeandika kitu humu. Leo nimesugua kipima mvua, nimekirudisha kwenye kigingi chake katikati ya chai, na nimeamua kuandika mimi, Yakobo. Ila mimi siwezi kuandika namba peke yake. Nina hasira nyingi na hakuna wa kumwambia.

Kipima mvua hiki nilikuja nacho kutoka Mufindi. Kule nilichuma chai miaka kumi na moja, na mitatu ya mwisho waliniweka nisome mvua kila siku saa tatu asubuhi. Nilipooa huku juu ya Mgeta nikaona ukungu unakaa mpaka saa nne, baridi ya kuvaa koti mchana kweupe, udongo mwekundu, na mteremko ambao kiazi kikikudondoka unakifuata mpaka mtoni. Nikamwambia Prisca, hapa ni pa chai. Chai inapenda mvua nyingi lakini haitaki maji yasimame miguuni mwake, na hapa maji hayasimami. Ilinichukua miaka ishirini kumshawishi. Mwaka wa sita huu tangu tupande, na mizizi imeshazama kupita urefu wa kifua changu.

Mchana amekuja shemeji yangu Yohana, kaka yake Prisca, mkubwa wa ukoo wao. Nyumba yake iko chini kabisa ya mteremko huu, upande wa kulia. Mimi nakaa chini upande wa kushoto.

"Shemeji, habari za kupumzika?"

"Napumzika wapi na wewe umeshafika?"

Hakucheka. "Chai ni mti, Yakobo. Sisi tulikupa shamba la maharage."

Maneno haya nayajua. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Shamba hili lilikuwa la Prisca, ni la Yohana, na ni la binti yangu Winfrida, maana naye ni wa ukoo wa mama yake. Mimi sina changu humo hata kipande. Mtu wa ukoo mwingine kama mimi anapanda maharage, njegere, kabichi, vitu vya msimu mmoja. Akipanda kitu kitakachoishi kuliko yeye, ni kama ametangaza kwamba ardhi ni yake.

"Prisca aliniruhusu," nikasema.

"Prisca amekufa."

Nikachukua mpini wa jembe. Akaondoka. Hakukimbia, alitembea taratibu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Machi 5, Jumanne. 4

Ukungu tu. Nimechuma kikapu kimoja.

Machi 9, Jumamosi. 11

Masika yameanza, na leo nimefanya jambo.

Anayelima ardhi ya ukoo usio wake hupeleka kuku mmoja kwa mkubwa wa ukoo mvua zinapoanza. Kuku mmoja tu. Maana yake ni kwamba, najua ardhi ni yenu. Nimepeleka kuku ishirini na sita, sijawahi kuruka mwaka. Na wa mwaka huu nilikuwa naye, mtetea mwekundu, nimeshamfunga miguu kwa kamba ya mgomba.

Nikakumbuka mazishi. Udongo haujakaa sawa juu ya mke wangu, Yohana anasimama mbele ya watu anasema, "Mkwe naye sasa aangalie kwao." Mkwe. Kwenye vikao vya ukoo wao sina jina jingine. Miaka ishirini na sita, naitwa mkwe, kama vile nimefika jana na begi.

Nikamchinja yule mtetea. Nikampika na ndizi, nikamla peke yangu, mpaka mifupa nikaivunja. Halafu nikachukua manyoya kwenye ndoo, nikashuka, nikayamwaga mbele ya mlango wa Yohana.

Jirani yangu Mwanvita, anayenisaidia kuchuma na kusokota majani, alinikuta narudi na ndoo tupu.

"Yakobo, una wazimu? Bora ungemtukania mama yake."

"Aokote atengeneze mto."

"Haya. Cheka. Utacheka mpaka lini?"

Nimecheka mpaka jioni.

Machi 12, Jumanne. 9

Mwanvita ameanza kufunga Ramadhani. Anachuma chai kimya, ananiangalia kwa jicho baya.

Machi 14, Alhamisi. 18

Nimekuta mashina arobaini na matatu ya chai yamefyekwa hadi usawa wa kifundo cha mguu. Si kupogoa huku. Kupogoa nakujua. Hawa walikata kwa kuchukia, wakapasua shina.

Mosi alikuwa bado yumo shambani. Mosi ni mtoto wa dada yao mwingine, mwanamume wa miaka thelathini, mabega kama mlango. Panga mkononi, anafuta utomvu kwenye suruali.

"Shikamoo, mzee," ananiambia. Na panga mkononi!

Sikuitikia. Nilimrukia. Umri wangu sitini na mmoja, lakini mteremko ulinisaidia, mimi nilikuwa juu yeye chini. Panga likaruka. Tuligaagaa kwenye chai, tukaporomoka mpaka kwenye kijito, nikamshika nywele nikamzamisha uso kwenye maji. Nilihesabu. Nataka niandike ukweli humu: nilihesabu, kama ninavyohesabu milimita, na nilifika kumi na tisa. Akapata jiwe. Alinipiga nalo kwenye mkono wa kushoto, vidole viwili vikavunjika, nikasikia mlio wa mifupa kabla ya maumivu. Ndipo nikamwachia. Akatapika maji, akalia kama mtoto, akaondoka kwa magoti.

Mwanvita alinikuta nimekaa kijitoni.

"Ungemuua."

"Ningemuua."

"Na mimi nina swaumu, unanifanya nisikie maneno kama haya."

Machi 15, Ijumaa. 31

Winfrida amenifunga vidole kwa vijiti vya mianzi na kitambaa. Ana mkono mwepesi, wa mama yake. Amenisalimia vizuri, "Shikamoo baba," amenikorogea uji, nikadhani yameisha.

Akasema, huku anafunga fundo la mwisho, "Baba, umekula kuku wa ukoo wetu."

"Ukoo wenu?"

"Wetu. Wa kwangu na mama na mjomba. Hukumla kuku wako."

"Nimekulea mimi! Ukoo gani uliokubeba mgongoni kwenda zahanati?"

"Wewe, baba. Na bado ni kuku wetu."

Nikampiga kofi. Kwa mkono mzima. Mtu mzima wa miaka ishirini na nne, anayenifunga vidole. Hakushika shavu. Alimalizia fundo, akakunja khanga zake tatu, akashuka kwa mjomba wake. Nimemwona akipita kati ya chai mpaka ukungu ukamficha.

Mungu anisamehe. Au asinisamehe, shauri yake.

Machi 16. 12

Machi 17. 26

Uji nimepika mwenyewe. Umeungua.

Machi 22, Ijumaa. 40

Ukungu haujaondoka siku nne. Mawingu yanatoka baharini, yanapita tambarare zote bila kusema kitu, yakifika kwenye mlima wetu ndipo yanamwaga. Fuso ya kabichi imepinduka barabarani, watu wamebeba kabichi bure. Chai inachipua kwa fujo, hata ile iliyofyekwa imetoa vichipukizi vyekundu pembeni ya kidonda. Nimemwonyesha Mwanvita. "Imekushinda akili," akasema.

Machi 31, Jumapili, Pasaka. 7

Kanisani Yohana amekaa benchi moja na mimi, hapakuwa na nafasi nyingine. Padri akasema tutakiane amani. Yohana akageuka, akanyoosha mkono. Watu wote wanaangalia.

Nikatia mkono wangu mfukoni.

Winfrida alikuwa nyuma yetu. Nilimsikia akivuta pumzi.

Aprili 2. 33

Aprili 4. 29

Aprili 6, Jumamosi. 15

Wamekuja kumi na wawili, wanaume na wanawake, ukoo mzima, majembe na mapanga. Yohana mbele.

Nilisimama na panga kwenye mstari wa kwanza wa chai. Nikasema atakayepita namkata, na nilimaanisha. Yohana akanijia moja kwa moja, mikono mitupu. Nikarusha. Lilimpata kwenye bega, koti lake la mvua likapasuka, damu ikatoka. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mshikeni mkwe."

Wakanishika. Mosi akanipiga teke la mbavu, mara mbili, la pili lilikuwa la kulipia yale ya kijitoni. Wakanifunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya banda ninalokaushia chai, uso ukiangalia shamba. Mvua inanyesha.

Wameng'oa nusu ya kulia yote, ile iliyo juu ya nyumba ya Yohana. Hawakukata, waliing'oa. Kila shina walilichimbua pande zote, wakalivuta watatu watatu mpaka mzizi ukatoka na udongo wake, mrefu kuliko mtu. Milio ya ile mizizi ikikatika bado naisikia. Winfrida alikuwepo. Hakushika jembe, ila hakusema waache. Nusu ya kushoto wakasema watamalizia mvua zikipungua.

Kisha wakapiga matuta ya kabichi. Na matuta wameyatelemsha. Yanashuka moja kwa moja kutoka juu mpaka chini, kwa haraka ya kumaliza kabla ya giza, badala ya kuyalaza kukatisha mteremko.

Mufindi msimamizi wetu alikuwa akisema mambo mawili mpaka tukamchoka: chai haing'olewi masika, na tuta halishuki na mlima. Nilitazama yale matuta, nikajua maji yatapita wapi. Nilijua kabla hawajamaliza tuta la tatu.

Sikusema. Nilikuwa nimefungwa kwenye nguzo, mbavu zinauma, nikayatazama matuta, na nilifurahi.

Aprili 8. 22

Aprili 9. 38

Aprili 10, Jumatano. 41

Idi. Mwanvita, aliyenifungua kamba usiku ule, ameleta pilau. Nimekula kidogo, mbavu haziruhusu kucheka wala kumeza.

Aprili 11, Alhamisi. 57

Nimepanda kusoma mvua. Juu ya matuta yao kuna ufa. Unaweza kuingiza kidole. Unakatisha mteremko kutoka mwamba mpaka mwisho wa matuta, na pale inapoanza chai yangu unakatika. Kwenye chai hakuna ufa.

Chini ya ufa huo kuna nyumba ya Yohana. Ndani yake kuna Yohana, mkewe Kristina, Mosi, na Winfrida.

Nimeshuka nikakaa. Nikasema moyoni, acha wajue chai ilikuwa inafanya kazi gani. Nikala kiporo cha pilau.

Aprili 12. 44

Kidole kimekuwa viganja viwili.

Aprili 13, Jumamosi. 39

Nimemvizia Winfrida kijitoni akiteka maji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Chukua nguo zako urudi nyumbani leo hii. Mlima utashuka."

Nikamwonyesha kwa kidole. Aliangalia juu, akaangalia tena mimi, akatua ndoo.

"Umemwambia mjomba?"

"Nakwambia wewe."

"Mjomba je? Shangazi Kristina?"

"Nimesema rudi nyumbani!"

"Siendi peke yangu. Nenda kamwambie. Na ukienda, nenda na kuku, maana bila kuku hatakufungulia mlango, na mimi sitamlaumu."

"Nimpelekee kuku mtu aliyenifunga kama mbuzi?"

"Umemkata bega, baba. Jana Kristina kafua shuka mara tatu." Akajitwika ndoo. "Usipokuja, mimi nalala pale pale. Ukiamua kunyamaza, unyamaze ukijua nipo ndani."

Mtoto gani huyu? Kaupata wapi moyo huu? Najua alikoupata.

Aprili 14, Jumapili. 61

Sikwenda. Nilifika mpaka kwenye mgomba wa mwisho, nikarudi. Nikafika tena, nikarudi. Kila nikifika pale nasikia ile "mshikeni mkwe."

Aprili 15 na 16

Naandika siku mbili pamoja.

Jumatatu saa tatu kipima mvua kilikuwa na 96. Toka nianze kusoma mvua, Mufindi na hapa, sijawahi kuona 96. Maji ya kijito yalikuwa mekundu mazito. Nilikwenda kwa Mwanvita nikamwambia nipe kuku. Hakuuliza. Alinipa mtetea wake mweupe anayetaga, akamfunga kamba ya mgomba mwenyewe, akasema, "Kimbia."

Nilibisha hodi. Kristina alifungua, akaita mumewe. Yohana alitoka, bega limefungwa, akaniona nimelowa, kuku kwapani. Nikapiga goti kwenye matope, nikampa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Nikasema, "Mkubwa wa ukoo, masika yameingia. Ardhi ni yenu."

Alimpokea. Macho yake yalijaa machozi, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona Yohana hivyo, hata kwenye msiba wa dada yake.

"Inuka, Yakobo," akasema. Jina langu, kwa mdomo wake. "Ningekuachia hata chai. Nilikuwa nangoja huyu kuku tu. Kila asubuhi nafungua mlango, nasema leo atakuja."

Akamfunga kuku kwenye mguu wa kitanda. Ndipo nikamwambia habari za ufa. Hakubisha. Alitoka akatazama juu, mara moja, akarudi amekunja uso. "Tokeni wote. Acheni vyombo. Mosi, mshike shangazi yako."

Tulipanda ubavuni, tukasimama upande wangu, ndani ya chai, maana pale ardhi ilikuwa imara. Tulikuwa watano. Tulikuwa salama! Yohana akahesabu watu, kisha akasema, "Kuku."

"Achana naye," nikasema. "Nitakuletea kumi."

"Huyu ndiye niliyempokea. Kuku wa ukoo haachwi afe ndani siku aliyoletwa. Ni hatua mbili tu."

Winfrida alimshika koti. Akajinasua kwa mkono mzima, akashuka anateleza. Akaingia. Nikaanza kumfuata, Mosi akanikumbatia kwa nyuma, yule yule Mosi, akanibana mbavu zile zile.

Yohana alitokea mlangoni, kuku mkononi. Nilimwona. Alituinulia atuonyeshe.

Mlima ukashuka. Haukuporomoka kwa mawe mawe kama watu wanavyosimulia; ngozi yote ya mteremko ilitoka kwa pamoja, matuta yakiwa bado yamenyooka, kabichi zimekaa kwenye mistari, na chini yake matope yanachemka. Nyumba ilivunjika kwa mlio mmoja. Bati likaruka. Ardhi tuliyosimama ilitetemeka mpaka meno yakagongana, na nilishika shina la chai kwa mikono yote miwili, hata vile vidole vilivyovunjika. Shina halikwenda popote. Mpaka wa maporomoko umepita hatua nne kutoka kwetu, umenyooka, pale pale walipoishia kung'oa.

Tulichimba kwa majembe, masufuria na mikono mpaka giza likatuzuia. Tumempata leo, Jumanne, saa sita. Mdomo umejaa udongo. Kifua kimebonyea. Mkononi ana kipande cha kamba ya mgomba.

Kuku tulimkuta juu ya bati, mzima, anatetemeka, kipande kingine cha kamba mguuni.

Aprili 17. Sikusoma mvua.

Aprili 18. Tumemzika karibu na Prisca.

Aprili 27, Jumamosi. 13

Bwana shamba wa kata alikuja kuuliza mvua ya siku zile. Mimi nilikuwa kijitoni. Winfrida, aliyekuwa amerudi kwangu baada ya mazishi, akampa daftari hili, akamsomea namba. Bwana shamba akashukuru, akaondoka. Winfrida akabaki nalo.

Nimemkuta amekaa kizingitini, amelifunga juu ya magoti.

"Tarehe sita ulijua," akasema. "Tarehe kumi na moja ukauona ufa. Ukala pilau."

Nilisema, "Winfrida, mwanangu."

"Kuku ulimleta tarehe kumi na tano."

Nilitaka anipige. Nilimwambia anipige. Aliliweka daftari chini, taratibu, akaliegemeza ukutani lisilowe, akaondoka.

Mei 5. 8

Wazee wa ukoo wamekaa. Mosi, mtoto wa dada, ndiye aliyestahili kiti cha Yohana, lakini amekataa shamba hili, anasema mikono yake ndiyo iliyoing'oa ile mizizi. Wamelikabidhi kwa Winfrida. Shamba la mama yake limerudi kwake.

Mei 12, Jumapili. 0

Jua limetoka. Upande wa kulia wa mlima ni kidonda chekundu kutoka mwamba mpaka mtoni. Upande wa kushoto chai imesimama, kijani kitupu.

Yule mtetea mweupe Mwanvita amekataa kumrudisha bandani kwake. Kwa hiyo leo nimemfunga miguu, nimevaa shati la kanisani, nimekwenda anakokaa Winfrida na Kristina. Wazee wawili wa ukoo walikuwepo. Mosi pia.

Nikasimama mlangoni. Nilisubiri anisalimie, kama kila siku ya maisha yake. Hakusalimia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Yohana, wamekichimbua, bado kina udongo kwenye nyufa.

Nikapiga goti mbele ya mtoto wangu. Nikamnyooshea kuku kwa mikono miwili. Nikasema, "Masika yameisha, nimechelewa. Ardhi ni yenu."

Alimpokea. Alimshika vizuri, akampapasa mbawa, mikono ya mama yake kabisa.

"Chai utabaki nayo," akasema. "Na ule upande ulioporomoka utaupanda wote, mistari ikatishe mlima. Kiangazi utabeba maji kutoka kijitoni, mche kwa mche. Hakuna atakayekusaidia. Kila masika utaleta kuku, mvua ya kwanza, siku ile ile."

"Nimesikia."

"Basi," akasema binti yangu. "Nenda salama, mkwe."